Raha jipe mwenyewe, lakini mwenyewe ni nani?

Kuna khanga ambayo sidhani kama ipo nyumba ya pwani isiyowahi kuianika kambani: Raha jipe mwenyewe. Shangazi yangu alikuwa nayo, nyekundu yenye pindo nyeusi, imefuliwa mpaka jina lake limeanza kufifia. Alijifunga akipika, akifagia uwanja, akienda kumwangalia mgonjwa. Tukimuuliza maana yake alisema ni jibu kwa walimwengu: msidhani nimekaa nikiwasubiri mje mnifurahishe. Siku hizi maneno hayo hayo yamehamia kwenye simu, chini ya picha za ufukweni na sahani za pweza, na yamepungua uzito. Maana yake imekuwa tumia hela yako, jipende, wasikusumbue.

Nilipoanza kusoma Upanishadi, maandiko ya kale ya Wahindu, ndipo nilipogundua kwamba katika khanga ile sote tulilishika neno la kwanza tukaliacha la mwisho. Kila mtu anaulizia raha. Hakuna anayemuulizia mwenyewe.

Na neno hilo, kwa Kiswahili chetu, lina sura mbili. Mwenyewe ni yule yule, si mwingine: nimekuja mwenyewe. Mwenyewe tena ni mwenye mali: shamba hili lina mwenyewe. Ukipiga hodi ukamkuta mtoto peke yake, redio inalia, sufuria inatokota jikoni, atakujibu, "Wenyewe hawapo." Nyumba imejaa vitu, lakini wa kukukaribisha hayupo. Sijui lugha nyingine niliyoisoma ambayo neno moja la kila siku linakaribia hivi kile ambacho wahenga wa India walikiita Atman. Walisema mwanadamu huranda katika nyumba yake kama mgeni, akifungua kabati hili na lile kutafuta raha, ilhali hajawahi kuonana na mwenye nyumba. Siku atakapoonana naye hatakuwa na cha kutafuta, kwa kuwa mwenye nyumba na raha ni kitu kimoja.

Dai hili lina uzito kuliko linavyosikika. Halisemi kwamba kujijua huleta furaha, kama dawa inavyoleta nafuu. Linasema kwamba kile ulicho, ukiondoa yote usiyokuwa, ni furaha yenyewe. Mapokeo ya Vedanta, falsafa iliyojengwa juu ya Upanishadi, huitaja hali hiyo kwa maneno matatu yaliyounganishwa, sat, chit, ananda: kuwepo, utambuzi, raha. Hizo si sifa tatu za mtu mwema. Ni jina moja la mwenyewe.

Anayetaka kuona jinsi dai hilo linavyoweza kueleweka vibaya aisome Chandogya, moja ya Upanishadi kongwe, iliyotungwa karne kadhaa kabla ya Kristo. Prajapati, baba wa viumbe, alitangaza kwamba ipo Atman isiyozeeka, isiyokufa, isiyo na huzuni, njaa wala kiu, na kwamba anayeijua hupata kila atakacho. Habari zikafika kwa miungu na kwa mahasimu wao, maasura. Miungu wakamtuma Indra, maasura wakamtuma Virochana. Wote wawili wakafika na kuni mkononi, kama ilivyokuwa desturi ya mwanafunzi anayekwenda kwa mwalimu, wakakaa miaka 32 wakitumikia kabla hata ya kuulizwa mnataka nini.

Walipouliza, Prajapati akawaambia watazame ndani ya chombo cha maji. Mnaona nini? Tunajiona wote, wakasema, hadi nywele na kucha. Akawaambia wajipambe, wavae vizuri, watazame tena. Wakajiona wamependeza. Hiyo ndiyo Atman, akasema, haifi wala haiogopi. Wakaondoka mioyo imetulia.

Virochana alifika kwao akahubiri: mwili ndio mwenyewe, upambeni, utumikieni, mtapata dunia hii na ile. Indra naye alikuwa bado yuko njiani wazo likamkaba. Ikiwa hicho nilichokiona majini ni mimi, basi mwili ukipambwa nami nimepambwa. Lakini ukipofuka nami ni kipofu, ukilemaa nami ni kilema, na ukifa nimekwisha. Sioni raha katika hili. Akarudi na kuni zake mkononi.

Maneno hayo ya Indra, sioni raha katika hili, ndiyo moyo wa kisa kizima kwangu. Hakurudi kwa sababu mtu alimkosoa. Alirudi kwa sababu aliipima furaha aliyopewa akaikuta na tarehe ya mwisho. Akakaa miaka 32 mingine, akaambiwa mwenyewe ni yule anayetembea katika ndoto. Akatoka, akarudi: hata ndotoni mtu hukimbizwa, hulia. Miaka 32 tena, akaambiwa ni yule aliyelala usingizi mzito usio na ndoto. Akatoka, akarudi: huyo hana maumivu, kweli, lakini hata yeye mwenyewe hajijui, ni kama ameangamia; sioni raha katika hili. Prajapati akamwambia akae mitano ya mwisho. Jumla miaka 101.

Ninapowasikiliza wahamasishaji wetu wakisema "jitambue", mara nyingi namsikia Virochana aliyerudi nyumbani mapema. Jitambue, jua thamani yako, vaa, ng'aa, watakuona. Hakuna ubaya katika kuvaa vizuri. Ubaya ni kumwambia kijana aliyevunjika moyo kwamba picha yake majini ndiyo yeye, kisha kumwacha siku maji yatakapotibuka. Dada mmoja ninayemfahamu aliishi kwa mahubiri ya namna hiyo miaka kadhaa, mpaka ugonjwa ulipomlaza kitandani akanyonyoka nywele. Aliniambia, "Nilifundishwa kumpenda yule wa kwenye kioo. Sasa huyu ni nani?" Sikuwa na jibu. Ila lile lilikuwa swali la Indra, na wala hakuwa amepata kulisikia jina lake.

Hapa lazima nisimame kidogo kwenye tafsiri, maana ndipo wasomaji wengi wa Kiswahili wanapopotea. Atman si nafsi kama tunavyoisema. Nafsi kwetu, hasa kwa waliolelewa katika Uislamu, ni kitu cha kutiwa adabu. Ina tamaa, ina kiburi, na ikivimba inazaa ubinafsi. Hicho Wahindu wanakiita ahamkara, umimi, nao pia wanataka kitiwe adabu. Wala Atman si roho, kwa maana roho yetu hutoka: tunasema amekata roho, roho imeacha mwili. Kwa Shankara, mwanafalsafa wa karne ya 8 aliyeipa fikra hii umbo lake kali zaidi, Atman haitoki wala haiingii. Ni ule utambuzi ambao mbele yake mwili, wazo, ndoto na usingizi huja na kupita. Nasema mwenyewe kwa sababu ndilo neno lililobaki baada ya mengine kunikatalia.

Na raha je? Tuna maneno mengi, na ni utajiri. Furaha huja na habari: amejifungua, amefaulu. Starehe huja na pesa. Raha ina kitu cha ziada, ina kupumzika ndani yake. Ndiyo maana Wakatoliki humwombea marehemu "raha ya milele" na hakuna anayemwombea starehe. Ananda iko upande huo wa raha.

Upanishadi ya Taittiriya inafanya jambo ambalo sijaliona kwingine: inaihesabu. Mchukue kijana mwema, msomi, hodari, mwenye nguvu, mpe dunia nzima pamoja na utajiri wake wote. Hiyo ni raha moja ya binadamu. Raha mia za namna hiyo ni raha moja ya gandharva, mwanamuziki wa kimbingu aliyetokana na binadamu. Mia za huyo ni moja ya gandharva wa miungu. Kisha mababu walioaga dunia, kisha madaraja ya miungu, kisha Indra, kisha Brihaspati, mwalimu wa miungu, kisha Prajapati, hadi Brahman, ule ukweli wa mwisho ulio asili ya vyote, kila ngazi mara mia ya ile ya chini. Ngazi ni kumi. Anayetaka apige hesabu: ni moja yenye sifuri 20 nyuma yake.

Ungetegemea mahubiri ya kupanda ngazi. Lakini tangu ngazi ya gandharva wa kwanza hadi ya juu kabisa unarudiwa msemo mmoja: na raha hiyo hiyo ni ya mjuzi wa maandiko asiyepigwa na tamaa. Huyo hakupanda popote. Amekaa pale pale chini na anakunywa kutoka kila kisima. Maana yake ni kwamba kilichokuwa kikizidi ngazi hadi ngazi hakikuwa vitu vinavyoongezwa bali pazia linalopungua.

Walimu wa Advaita, njia ya Shankara, huielezea hivi, nami naipima kwa maisha ya kawaida. Mtu ametamani simu mwaka mzima. Kila siku akili inavuta upande huo. Anaipata, na usiku ule anajisikia amejaa. Kimefanyika nini? Kama raha ingekuwa ndani ya simu, ingemtolea na mwezi wa sita. Simu ni ile ile, haikupungua. Kilichofanyika, wanasema, ni kwamba ule mvuto ulikatika kwa muda, akili ikatulia kama maji ya mtungi uliowekwa chini, na kilichokuwepo siku zote kikaonekana. Kisha akili ikafanya kosa lake la kawaida: ikaishukuru simu.

Maelezo haya yananishawishi kwa simu, kwa gari, kwa cheo. Yalipofika kwa watu niliyakataa. Mtoto anayekukimbilia getini hakuondolei tamaa tu. Kuna kitu pale kimeongezeka duniani, na sitaki falsafa yoyote iniambie kwamba mwanangu ni sababu ya akili yangu kutulia.

Jibu nililipata kwa mwanamke. Katika Upanishadi ya Brihadaranyaka, mhenga Yajnavalkya anataka kuacha maisha ya nyumbani, anawaita wake zake wawili, Maitreyi na Katyayani, agawanye mali. Maitreyi anamuuliza: bwana, dunia nzima iliyojaa mali ikiwa yangu, nitaepukana na kifo kwayo? Hapana, anajibiwa, maisha yako yatakuwa kama ya wenye nacho wengine. Basi nifanyie nini kisichoniondolea kifo? Niambie unachokijua. Ndipo Yajnavalkya anamwambia maneno yaliyowatesa wafafanuzi: mume hapendwi kwa ajili ya mume, anapendwa kwa ajili ya Atman, mke hapendwi kwa ajili ya mke, wala watoto kwa ajili ya watoto, wala mali kwa ajili ya mali.

Mara ya kwanza niliyasoma kama tusi: kumbe tunawapenda watu kwa faida yetu. Lakini kama Atman si umimi, basi haiwi ya kwangu peke yangu. Ninachokipenda kwa mtoto anayenikimbilia ni mwenyewe yule yule aliyemo ndani yangu, amenitazama kwa macho mengine. Ndiyo maana furaha ile haifanani na furaha ya simu. Ya simu ni pazia kuinuka kidogo, ya mtoto ni kukutana. Huu ni usomaji wangu, na wapo wasomi watakaonipinga, lakini bila huo nisingeendelea kusoma.

Haya yote yangebaki maandiko kama kusingekuwa na watu waliodai kuyaona. Ninayemwamini zaidi ni kijana wa Kitamil aitwaye Venkataraman, aliyezaliwa Tiruchuli, kusini mwa India, mwaka 1879. Hakuwa mwanazuoni. Mwezi Julai 1896, akiwa na miaka 16, yuko peke yake katika chumba cha juu nyumbani kwa ami yake mjini Madurai, mzima wa afya, akashikwa na hofu ya kifo ghafla. Hakupiga kelele wala hakwenda kumtafuta daktari. Alijilaza, akakakamaza viungo kama maiti, akafumba midomo, akazuia pumzi, na akajiuliza: haya, mwili umekufa, watauchukua watauchoma, je, mimi nimekufa? Akasema baadaye kwamba pale pale ilimdhihirikia, si kama wazo, kwamba kuna mimi asiyeguswa na kifo kile, na hofu haikurudi tena.

Wiki sita baadaye, tarehe 29 Agosti, alitoroka nyumbani. Kaka yake alikuwa amempa rupia tano akamlipie ada ya chuo. Akachukua tatu za nauli, akaacha mbili pamoja na barua. Barua hiyo ndiyo inayonigusa kuliko mafundisho yake mengi. Inaanza kwa "mimi": nimeondoka kumtafuta baba yangu kwa amri yake. Sentensi ya pili imekwishageuka: hiki kimeingia katika jambo jema, mtu yeyote asihuzunike. Pale palipopaswa kuwa na jina hakuweka sahihi, aliweka mstari. Na katikati ya yote hayo akakumbuka kumwambia kaka: ada yako bado haijalipwa, rupia mbili hizi hapa. Kijana aliyepoteza "mimi" hakupoteza uaminifu wa pesa za watu.

Alifika Tiruvannamalai, chini ya mlima Arunachala, tarehe 1 Septemba 1896, na hakuondoka tena. Dunia ikamjua kwa jina la Ramana Maharshi. Karibu mwaka 1902, akiwa bado ameshika kimya, mtu mmoja alimletea maswali naye akajibu kwa maandishi. Fundisho lake lote lilikuwa swali: mimi ni nani? Wazo likija, uliza limemjia nani. Likijibu "mimi", uliza huyo mimi ni nani, na usitosheke na neno. Katika majibu hayo kuna mfano wa mtu anayetoka kivulini kwenda juani, anaungua, anarudi kivulini akishukuru, kisha anatoka tena. Hakuna aliyemfukuza kivulini. Na mfano huo usitufanye tudhani alikuwa mvivu: miaka ya baadaye aliamka kabla ya alfajiri kukatakata mboga jikoni pamoja na wapishi.

Sasa nije kwenye kinachonikera. Ikiwa mwenyewe ni mmoja ndani ya wote, ilikuwaje jamii iliyoyatunza maneno hayo iwazuie mamilioni ya watu wa matabaka ya chini kuchota maji kwenye kisima kimoja na wenzao? Wahindu wenyewe walilijua swali hili. Kuna simulizi kwamba Shankara, akiwa Varanasi, alikutana njiani na mtu wa tabaka lililodharauliwa kuliko yote, akamwamuru asogee. Mtu yule akamuuliza: unaouambia usogee ni mwili, ambao umetokana na chakula kama wako, au ni utambuzi, ambao ni ule ule ndani yako? Shankara akamtambua kuwa mwalimu wake. Simulizi ni nzuri, lakini mtu wa tabaka hilo hakupata kisima kwa ajili yake. B. R. Ambedkar, aliyezaliwa katika tabaka la Mahar, moja ya yale yaliyotengwa, na akaja kuongoza uandishi wa katiba ya India, alisema kwamba fundisho la kuwa kila mtu ni Brahman lingeweza kuwa msingi imara wa demokrasia, ila waliolijua hawakuligeuza kuwa maisha. Tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, aliuacha Uhindu akawa Mbudha, na laki kadhaa za watu wakamfuata. Sioni njia ya kulikwepa shtaka lake. Mtu anayesema amemwona mwenyewe mmoja ndani ya wote, kisha akanyang'anya mtungi wa jirani, bado anatazama majini kama Virochana.

Wala Wahindu wote hawamkubali Shankara. Ramanuja, katika karne ya 11 na ya 12, alifundisha kwamba mwenyewe ni wa Mungu bila kuwa Mungu, na raha yake ni kumpenda. Madhva, baada yake, alisema hata waliokombolewa hawapati raha kwa kipimo kimoja. Wachamungu wa njia hiyo ya kumpenda Mungu wana neno lao: sitaki kuwa sukari, nataka kuila. Wengi wa Wahindu walioishi nasi pwani, waliotoka Kutch na Gujarat, wako karibu zaidi na hawa. Nalisema hili kwa masikitiko, kwa sababu tumepita mbele ya mahekalu yao Kisutu, Dar es Salaam, na Mombasa kizazi baada ya kizazi, tukisikia kengele, na tulichobaki nacho ni methali ya Baniani mbaya na kiatu chake. Kiatu tulikihitaji. Mwenyewe hatukumuuliza aliamini nini.

Ramana alipata saratani ya mkono wa kushoto, akapasuliwa mara nne katika mwaka 1949. Alisema maumivu yapo, hakuyakana. Wageni waliendelea kupanga foleni kumwona hadi jioni ya mwisho, tarehe 14 Aprili 1950, kwa kuwa alikataa mlango ufungwe. Waliokuwa karibu naye siku zile walilia wakimsihi asiwaache. Aliwajibu kwa kushangaa kidogo, kama mtu aliyepigiwa hodi akiwa amekaa sebuleni: mnasema ninakwenda, nitakwenda wapi? Nipo hapa.